Dini Yako na Kazi Yako Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwatafsiria ndugu zetu katika mji mmoja wa viwanda huku Marekani: Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma, Wabantu wa Kisomali, Warundi, Wakenya, Watanzania. Swali la dini na kazi hunifikia karibu kila wiki, na mara nyingi hunifikia likiwa limechelewa. Mtu tayari ameweka beji mezani kwa supavaiza na kuondoka kwa sababu aliambiwa "hapa hatusali", au alipangiwa Jumamosi naye ni Msabato. Hakuuliza, hakuandika, hakujua kwamba sheria ilikuwa upande wake. Ndiyo maana nimeyakusanya maswali haya. Mimi si wakili, na kesi yako ukiipeleka mbele utahitaji wakili. Lakini yaliyo hapa chini unapaswa kuyajua kabla hujaondoka kazini.

Je, mwajiri analazimika kisheria kunipa nafasi ya kufuata dini yangu?

Ndiyo. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, katika sura yake ya saba, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya dini. Mwaka 1972 Bunge la Marekani liliongeza maneno yanayosema kwamba dini ni imani pamoja na matendo yake yote ya ibada. Mwajiri anatakiwa kuyapa matendo hayo nafasi inayofaa, isipokuwa athibitishe kwamba kufanya hivyo kutailetea biashara yake mzigo mkubwa kupita kiasi.

Angalia ni nani anayetakiwa kuthibitisha. Kazi yako ni kueleza kwamba ibada yako inagongana na ratiba au kanuni fulani ya kazi. Kuonyesha kwamba haiwezekani ni kazi ya mwajiri. Supavaiza akikujibu "haiwezekani" na kugeuza mgongo, hajathibitisha chochote.

Seneta aliyeyaleta maneno hayo ya 1972 ni Jennings Randolph wa West Virginia. Yeye mwenyewe alikuwa Mbatisti wa Siku ya Saba, mtu wa kuitunza Jumamosi.

Mbona watu wa zamani husema sheria hii haina meno?

Kwa sababu kwa miaka 46 ilikuwa karibu haina.

Larry Hardison alikuwa karani wa bohari ya vipuri ya shirika la ndege la TWA huko Kansas City, bohari iliyofanya kazi usiku na mchana, mwaka mzima. Mwaka 1968 aliingia katika kanisa linaloitunza Sabato. Mwanzoni alipata nafasi, kwa kuwa katika jengo alilokuwamo alikuwa na ukongwe wa kutosha kuchagua zamu. Alipohamia jengo jingine alirudi chini kabisa kwenye orodha ya ukongwe, Jumamosi zikamwangukia, akakataa, akafukuzwa. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 1977 mahakama ikasema kwamba kumtaka mwajiri abebe gharama inayozidi kidogo tu ya kawaida tayari ni mzigo mkubwa. Majaji Marshall na Brennan walipinga. Kuanzia hapo, mwajiri aliyeweza kuonyesha hasara ndogo tu, hata ya kumlipa mtu mwingine ovataimu, alikuwa na nafasi nzuri ya kushinda.

Kisha akaja Gerald Groff, tarishi wa posta huko Pennsylvania, Mkristo wa kiinjili ambaye kwake Jumapili ni siku ya ibada na mapumziko. Alipoanza kazi mwaka 2012, barua hazikupelekwa Jumapili. Baadaye posta ikaingia mkataba wa kusambaza vifurushi vya Amazon siku hiyo. Groff akahamia kituo kidogo cha vijijini ili aepukane nayo, nayo ikamfuata huko huko. Alipewa adhabu moja baada ya nyingine, mpaka akaacha kazi mwaka 2019 na kwenda mahakamani.

Tarehe 29 Juni 2023 majaji wote tisa walikubaliana kwamba kipimo kile cha "gharama kidogo tu" kilikuwa tafsiri potofu. Sasa mwajiri anapaswa kuonyesha kwamba nafasi unayoomba italeta ongezeko kubwa la gharama ukilinganisha na uendeshaji wa biashara yake hiyohiyo. Kiwanda chenye wafanyakazi elfu mbili hakipimwi sawa na duka la watu ishirini. Kesi ya Groff yenyewe ilirudishwa chini ikapimwe kwa kipimo kipya, lakini kipimo hicho ni cha kila mmoja wetu. Kwa hiyo rafiki yako akikuambia "mimi niliomba mwaka 2015 nikakataliwa, na mahakama ikakubali", huenda anasema kweli, lakini hiyo si sheria ya leo.

Sheria hii inamlinda nani?

Sheria ya shirikisho inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi. Majimbo mengi yana sheria zao zinazofika chini zaidi: California huanzia wafanyakazi watano, na New York humhusu kila mwajiri. Anayeomba kazi analindwa sawa na aliyekwisha ajiriwa.

Ukiwa umeletwa na wakala wa ajira za muda, wakala na kiwanda wote wanaweza kuwajibika. Wasikuzungushe kwa kukuambia "nenda kwa wale". Waandikie wote wawili.

Na hili watu huniuliza kwa kunong'ona: sheria inamlinda mfanyakazi bila kujali hali yake ya uhamiaji. Huhitaji kuwa raia, wala huhitaji kadi ya kijani, ili kulalamika kwamba umebaguliwa. Mwenye wasiwasi kuhusu karatasi zake azungumze na wakili kwanza, lakini asidhani kwamba hana haki yoyote.

Lazima dini yangu iwe kubwa na inayojulikana?

Hapana. Kanisa la watu kumi linalokutana sebuleni linatosha. Si lazima hata uwe mshirika wa kanisa lolote, wala viongozi wako wote waamini kama wewe. Mahakama haiulizi kama imani yako ni sahihi. Inauliza kama unaiamini kweli.

Hapo kwenye ukweli ndipo waajiri hupenda kubishia. Ukisema huwezi kufanya kazi Jumamosi kwa sababu ya Sabato, halafu Jumamosi ukaonekana umechukua zamu kwingine, umejiharibia. Aliyebadilika juzi au aliyekuwa amelegea akarudi, sheria bado inamtambua, kwa maana moyo wa mtu hubadilika. Ila matendo yako yaendane na maneno yako.

Maoni ya siasa, au hofu ya kiafya peke yake, hayahesabiwi kuwa dini. Wengi waliokataa chanjo ya korona kazini walishindwa hapo hapo: barua zao zilizungumzia madhara ya dawa kurasa mbili, na Mungu mstari mmoja.

Ninaombaje?

Hapa ndipo watu wetu wanapokwama, na naielewa sababu yake. Tumelelewa kwamba mdogo hamkatalii mkubwa. Mtu aliyekaa kambini miaka kumi na tano akisubiri jina lake libandikwe ukutani amejifunza kwamba anayenyamaza huchukuliwa kuwa mtu mwema. Kwa hiyo anasubiri bosi aone mwenyewe, na bosi haoni. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Sheria haitaki maneno maalumu. Inatosha mwajiri aelewe mambo mawili: unahitaji kitu fulani, na unakihitaji kwa sababu ya dini. Hilo la pili ndilo husahaulika. Nimesoma barua nyingi za ndugu zetu zilizosema "naomba Ijumaa nitoke mapema" bila kutaja ibada hata kidogo. Mwajiri anayepokea barua ya namna hiyo anaona ni ombi la ruhusa kama ruhusa nyingine, analikataa, na kesho anasema hakujua.

Andika kwa Kiingereza, au mpate mtu akuandikie, maneno ya maana hii:

"Mimi ni Mwislamu. Dini yangu inanitaka niswali kwa nyakati maalumu kila siku. Katika zamu yangu, swala mbili huangukia saa za kazi. Naomba nafasi kwa sababu ya dini: dakika kumi kwa kila swala, na mahali safi. Naweza kuzitumia dakika hizo ndani ya mapumziko yangu, au kuzifidia mwisho wa zamu. Niko tayari kuzungumza kuhusu njia nyingine inayofaa. Naomba jibu kwa maandishi."

Weka tarehe na sahihi. Mpe supavaiza na ofisi ya utumishi. Kabla hujaitoa mkononi, ipige picha kwa simu. Ukiituma kwa barua pepe ni bora zaidi, na utumie anwani yako mwenyewe ili ikibidi uondoke kazini barua isipotee pamoja na akaunti ya kampuni.

Baada ya hapo mnatakiwa kuzungumza, na mazungumzo hayo yana pande mbili. Mwajiri anaweza kukuuliza maswali ya kweli: siku gani, muda gani, kwa nini. Mjibu. Anayeomba halafu akakataa kujibu maswali hupoteza haki yake kirahisi sana.

Kizingiti kingine ni lugha. Ukiwa huwezi kujieleza kwa Kiingereza, omba mkalimani na usimtumie mtoto wako. Niliwahi kuona kijana wa miaka kumi na tatu akitafsiri "sala ya lazima" kuwa ni kitu anachokipenda baba yake. Bosi akajibu kwamba kila mtu ana vitu anavyovipenda.

Mbona bosi anasema nabadilisha saa za swala kila mara? Anadhani namdanganya.

Swali hili nalipenda, kwa sababu jibu lake liko angani.

Kwetu, karibu na ikweta, jua huzama kwenye saa kumi na mbili au kumi na mbili na nusu mwaka mzima, likipishana kama nusu saa tu. Mwislamu wa Mombasa au Bukavu hakuwahi kulazimika kuwaza kwamba swala ya magharibi huhama. Ndiyo maana hata saa yetu ya Kiswahili tunaihesabu kutoka kuchomoza na kuzama kwa jua. Lakini Minneapolis mwezi Desemba jua huzama kama saa kumi na nusu jioni, na mwezi Juni huzama saa tatu usiku. Kwa mtu wa zamu ya mchana, wakati wa baridi adhuhuri, alasiri na pengine magharibi hujazana ndani ya saa za kazi. Kiangazi, magharibi inamkuta nyumbani. Supavaiza aliyekuruhusu saa kumi na moja mwezi Oktoba anaona Desemba umekuja na saa nyingine, na anahisi kuna ujanja.

Mpelekee ratiba ya swala ya mwaka mzima kutoka msikitini, ya mji huohuo, uambatanishe na barua yako. Mweleze kwamba kila swala ina dirisha lake, si dakika moja. Adhuhuri, kwa mfano, ina saa kadhaa kabla ya alasiri kuingia, kwa hiyo mara nyingi mapumziko ya chakula yanaitosha. Magharibi ndiyo yenye muda mfupi, na ndiyo huleta ugomvi viwandani. Ukiwa mkweli kwamba swala hii inaweza kusubiri na ile haiwezi, unapunguza ombi lako kwa nusu na bosi anaanza kukuamini.

Viwanda vya nyama vinaruhusu swala?

Historia ya huko ni ngumu, na wengi wetu tumefanya kazi huko. Laini ya kukata nyama haisimami. Mtu mmoja akitoka, wa jirani yake anazidiwa, na ukiwa na kisu mkononi kuzidiwa ni hatari. Huo ndio utetezi wa viwanda, na si utetezi wa uongo.

Mwezi wa Ramadhani 2008 mivutano ya namna hiyo ililipuka katika viwanda vya JBS Swift vya Greeley, Colorado, na Grand Island, Nebraska, na Waislamu wengi, hasa Wasomali, wakafukuzwa. Serikali ilishitaki kote kuwili. Nebraska, mwaka 2013, jaji alisema mapumziko ya swala nje ya ratiba yalikuwa mzigo mno kwa kiwanda, akitumia kile kipimo cha zamani. Colorado, kampuni ilikubali mwaka 2021 kulipa hadi dola milioni 5.5 kumaliza madai ya ubaguzi wa dini, rangi na asili. Kwingineko Colorado, kiwanda cha Cargill cha Fort Morgan kiliwafukuza watu wapatao 150 baada ya mgogoro wa swala Desemba 2015. Mwaka 2018 kilikubali kulipa dola milioni 1.5 bila kukiri kosa.

Kilichofanya kazi mahali nilipokuwa mimi kilikuwa rahisi: watu walitoka wawili wawili, mtu wa akiba akasimama nafasi yao, na saa za mapumziko zikasogezwa kufuata jua, kiangazi na wakati wa baridi. Ilichukua vikao vinne. Usitoke kwenye laini bila ruhusa. Hata kama ombi lako ni halali, kuacha laini ghafla kunampa mwajiri sababu nyingine ya kukufukuza.

Mimi ni Msabato. Jumamosi zangu zinalindwa?

Zinalindwa, na jua lile lile linakuhusu: Sabato huingia Ijumaa jua linapozama. Eleza hilo mapema, maana Desemba zamu ya mchana ya Ijumaa itagongana nayo.

Suluhisho la kawaida ni kubadilishana zamu kwa hiari. Katika kesi ya Groff mahakama ilisema mwajiri hawezi kuishia kusema kwamba itabidi awalazimishe wengine ovataimu. Lazima aangalie na njia nyingine, ikiwemo kubadilishana. Kama dhamiri yako inakuambia kwamba hata kumwomba mwenzako akufanyie kazi siku ya Bwana ni dhambi, liseme wazi. Iko kesi ya mwaka 1987 ya mfanyakazi wa mgodi wa makaa ya mawe huko Kentucky ambapo mahakama ya rufaa ilisema mwajiri alipaswa kumtafutia mbadala yeye mwenyewe, kwa sababu hiyo hiyo.

Kikomo kipo. Mwajiri halazimiki kuvunja mkataba wa chama cha wafanyakazi na kumnyang'anya mkongwe haki yake ya zamu ili akupe wewe. Hilo kutoka kesi ya Hardison bado limesimama. Wala halazimiki kukulipa saa ambazo hukufanya kazi.

Na hijabu, ndevu, sketi ndefu?

Hivi navyo ni ibada, na kanuni ya sare haitoshi kuvikataa. Mwaka 2008 binti wa miaka 17 huko Tulsa, Oklahoma, aliomba kazi katika duka la nguo la Abercrombie & Fitch akiwa amejifunga mtandio. Hakuajiriwa, kwa kuwa duka lilitaka "mwonekano" fulani. Utetezi wa duka ulikuwa kwamba hakuomba ruhusa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu, kwa kura 8 dhidi ya 1, ilisema mwajiri akimkataa mtu kwa sababu hataki kumpa nafasi ya dini amevunja sheria, hata kama hakuambiwa rasmi. "Wateja hawatapenda" si jibu linalokubalika, na kukuficha chumba cha nyuma ambako wateja hawakuoni ni kosa pia.

Vivyo hivyo kwa dada wa Kipentekoste asiyevaa suruali. Usalama ndio hubadilisha mambo: penye mashine zinazozunguka, mtandio mrefu au sketi pana inaweza kukuua. Jibu hapo huwa ni mtandio mfupi unaobana, au sketi nyembamba isiyofika kwenye mashine. Pendekeza wewe kabla hujaambiwa hapana. Ndevu hukwama zaidi penye barakoa ya kuziba hewa, na mara nyingi ipo barakoa ya aina ya kofia ambayo haibani shavuni.

Naweza kukataa kubeba pombe au kushika nyama ya nguruwe?

Inategemea ni sehemu gani ya kazi. Madereva wawili Waislamu wa malori huko Illinois walikataa kubeba bia na wakafukuzwa mwaka 2009. Kampuni ilikuwa na madereva wengine wa kubadilishana nao mzigo, na mwaka 2015 baraza la wazee wa mahakama (raia wa kawaida wanaoamua kesi, "jury") likawapa dola 240,000. Lakini ukiomba kazi katika kiwanda cha nguruwe peke yake, ukamwambia mwajiri hugusi nguruwe, hakuna atakachokubadilishia.

Nimeomba kitu kimoja, bosi amenipa kingine. Nikatae?

Kama hicho kingine kinaondoa mgongano wote kati ya dini na kazi, kipokee. Tangu kesi ya Mahakama ya Juu iitwayo Philbrook, ya 1986, mwajiri halazimiki kukupa njia unayoipenda wewe. Uliomba chumba cha swala naye akakupa ofisi tupu: umepata. Uliomba Jumamosi zote naye akakupa mbili kwa mwezi: hujapata, mgongano bado upo. Mwandikie hivyo, kwa upole.

Wenzangu wananung'unika kwamba napendelewa.

Manung'uniko yanayotokana na kuichukia dini yako, au na kuchukia tu kwamba dini inapewa nafasi, hayahesabiwi. Mahakama ililisema hili wazi mwaka 2023. Kinachohesabiwa ni athari ya kweli kwenye biashara, kwa mfano wenzako kulazimika kubeba kazi zako nzito kila siku. Kwa hiyo ukibadilishiwa zamu, rudisha fadhila: chukua Jumapili, chukua Krismasi. Mimi nimeona Waislamu na Wasabato wa kiwanda kimoja wakibadilishana Ijumaa na Jumamosi mwaka mzima, na ofisi ya utumishi haikupata kazi yoyote.

Mashine ya kuandikisha mahudhurio kwa kusoma kiganja inanitia hofu ya chapa ya mnyama. Je, hiyo ni dini?

Ilishakuwa. Mchimba makaa ya mawe mmoja wa West Virginia, baada ya karibu miaka 40 kazini, alikataa mashine ya namna hiyo kwa sababu ya Ufunuo sura ya 13. Kampuni ilikuwa imewaruhusu wenye mikono iliyoumia kutumia namba, yeye ikamnyima. Baraza la wazee wa mahakama na mahakama walimpa jumla ya dola 586,860, na mahakama ya rufaa ikathibitisha mwaka 2017. Kama mchungaji wake alikubaliana naye au la, haikujalisha.

Bosi anatulazimisha kuhudhuria maombi yake kila asubuhi.

Hawezi kukulazimisha. Sheria inamlinda anayesali na asiyetaka kusali sala ya mwingine. Ila mwajiri akiwa kanisa, msikiti au shule ya dini, anaruhusiwa kuajiri watu wa imani yake, na wachungaji na walimu wa dini hawawezi kutumia sheria hii dhidi yake.

Kule nyumbani sheria zikoje?

Kwa ufupi, kwa wanaouliza kwa niaba ya ndugu. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 32, inasema mtu asinyimwe ajira kwa sababu ya dini wala asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi wa dini na inasema dini si sababu halali ya kumfukuza mtu. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja dini miongoni mwa misingi ya ubaguzi uliokatazwa, na migogoro huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Muda wa kufungua shauri la kuachishwa kazi huko ni siku 30 tu, basi asikae.

Nimekataliwa, au nimefukuzwa. Nifanye nini, na nina muda gani?

Malalamiko hupelekwa kwenye EEOC, tume ya serikali ya fursa sawa kazini. Namba yao ni 1-800-669-4000. Ni bure, huhitaji wakili kuanza, na unaweza kuomba mkalimani. Mwajiri akikuadhibu kwa sababu umelalamika, hilo ni kosa la pili, na unalilalamikia nalo.

Muda ndio unaowaangusha watu. Una siku 180 tangu tukio, au 300 ikiwa jimbo au mji wako una sheria na ofisi yake ya ubaguzi. Siku zinahesabiwa zote, pamoja na Jumapili na sikukuu. Siku ya mwisho tu ikiangukia wikendi au sikukuu ndipo husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Mfanyakazi wa serikali ya shirikisho ana siku 45 tu za kuonana na mshauri wa idara yake. Kukata rufaa ndani ya kampuni au kusubiri chama cha wafanyakazi hakusimamishi saa. EEOC wakikupa barua ya ruhusa ya kwenda mahakamani, una siku 90 kuanzia ulipoipokea.

Fidia ya maumivu na ya adhabu ina kikomo kinachofuata ukubwa wa mwajiri: dola 50,000 kwa aliye na watu 15 hadi 100, mpaka dola 300,000 kwa aliye na zaidi ya 500. Mishahara uliyopoteza huhesabiwa nje ya kikomo hicho. Mfanyakazi mmoja wa hoteli huko Miami, Mhaiti, muosha vyombo aliyenyimwa Jumapili zake, alipewa na baraza la wazee wa mahakama zaidi ya dola milioni 21 mwaka 2019. Magazeti yalishangilia, lakini kwa sababu ya kikomo hicho sehemu kubwa ya fedha hizo haikuweza kulipwa. Usiende ukiwa na ndoto za mamilioni.

Chukua kalenda sasa hivi. Ulifukuzwa tarehe 10 Machi? Siku ya 180 ni tarehe 6 Septemba. Ya 300 ni tarehe 4 Januari. Izungushie duara ile ya kwanza, hata kama unaambiwa jimbo lako lina ile ya pili.